Naondoka Saa Mbili, Nafika Saa Mbili

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Habari za afya nazikata fupi: mimi mzima, mume wangu mzima, na wa tatu naye mzima, anakusalimu kwa miguu. Umesoma sawasawa. Sasa kaa chini, na usipige kigelegele mpaka umalize barua, maana wifi atakuwa ameshafika kwa jirani kabla hujafungua ukurasa wa pili.

Sikukuandikia mapema, na sababu unaijua. Yule wa kwanza nilimtangaza angali mdogo kama punje, na alipotutoka ilibidi nimwandikie tena kila aliyenipongeza. Kazi ile sitaifanya mara mbili. Huyu nimemficha mpaka alipokataa kufichika.

Nimeamua hivi: mtoto huyu hazaliwi huku. Naja kujifungulia nyumbani, kwenye chumba chako cha uani, kitanda kile cha chuma, na wa kumpokea ni wewe. Hospitali ya huku ilinirudisha nyumbani mikono mitupu na karatasi ya kutia sahihi. Mimi sirudi pale hata kwa kuburutwa. Mume wangu ameguna, lakini ameshaniona nikishikilia jambo, kwa hiyo amekubali.

Kuhusu safari usiwe na wasiwasi, nimeuliza. Ndege inatoka huku Jumamosi saa mbili usiku, inatua huko Jumapili saa mbili asubuhi. Naondoka saa mbili, nafika saa mbili. Saa kumi na mbili, mama, usingizi mmoja na kifungua kinywa. Wewe na mimi tulishakaa zaidi ya hapo tukimsubiri mke wa mwashi ajifungue.

Mimba ni miezi mitano na ushee. Mwisho wa Juni itakuwa saba, na wenye ndege hawana neno na mtu wa miezi saba. Ikizidi hapo ndipo wanataka cheti cha daktari.

Kazini bado nasimama. Mashuka ya hoteli hayajui mjamzito, yanakuja tu malundo kwa malundo, na pasi ile ya mvuke inanitoa jasho mpaka visiginoni. Nitaacha kazi wiki ya mwisho.

Niandikie neno moja tu: njoo.

Mwanao,
Kiherehere


13 Mei

Kiherehere wangu,

Marahaba. Kigelegele nimepiga, tena palepale kwenye mstari wa kwanza, na wifi yako amekwisha kwenda kwa jirani na kurudi. Anayeandika ni yeye, mimi nasema tu. Miwani yangu imevunjika. (Wifi, hujambo! Nimefurahi mpaka nimeunguza mboga.)

Jina lako sikulikosea. Ulikuja duniani kabla ya siku zako, ukakuta hata maji sijachemsha, na mpaka leo unataka kufika kabla ya kuondoka. Kwa hiyo niliposomewa hiyo hesabu yako ya saa mbili na saa mbili, nikajifunga kanga nikaenda mwenyewe ofisi ya ndege. Pale yuko karani mmoja wa kike, kucha nyekundu, ana tufe la dunia juu ya meza. Nilimpa uzi wangu wa kupimia nikamwomba aulaze kutoka kwako mpaka kwangu. Alianza kwa kucheka, kisha akaacha.

Akaniambia: “Mama, kwa binti yako jua linatangulia kuchomoza. Sasa hivi hapa ni saa nne asubuhi, kwake ni saa kumi jioni. Hiyo saa mbili ya kuondokea ni ya kwake, na saa mbili ya kufikia ni ya kwetu. Katikati kuna saa sita ambazo tiketi haikumwonyesha.”

Ni saa kumi na nane, mwanangu. Kumi na moja za kwanza bila kutua, kisha tatu za kungoja, kisha nne. Kilometa elfu kumi na moja na mia nne. Nikamuuliza, katika hizo saa kumi na moja, mtu akishikwa na jambo ndege inashuka wapi? Alilizungusha lile tufe taratibu na kucha yake. Palikuwa na rangi ya buluu tu.

Umekulia ubavuni mwangu na sheria yangu unaijua. Mwenye mimba hawi mbali na mikono kuliko uchungu wake unavyodumu. Wa kwanza huchukua siku nzima, wa pili nusu yake. Sasa piga hesabu hiyo, wewe bingwa wa hesabu.

Sikukatazi bado. Nakutumia uzi. Lala chali, pima kutoka mfupa wa chini mpaka pale tumbo linapoishia juu, funga fundo, unirudishie. Uniambie pia mtoto anapiga teke wapi.

Hapa hatujambo. Kaka yako amepaka rangi mlango. Wifi yako siku hizi ananitilia chai nusu kikombe, nimemwambia ubahili huo hakujifunza kwangu.

Mama


24 Mei

Mama,

Shikamoo. Uzi huo hapo, fundo hilo hapo, miezi sita kamili. Pima upendavyo.

Nimeiomba barua yako neno moja ikanipa tufe, karani, kucha na rangi ya buluu. “Njoo” sikuiona. Niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mume wangu akasikiliza akasema labda imejificha kwenye mkunjo. Haya, ni saa kumi na nane. Saa ni saa. Nitakaa, nitalala, nitaamka. Watu wanazunguka dunia na vitoto mgongoni, iweje mimi mtoto wa mkunga nishindwe kuketi?

Tiketi nimeshakata: Jumamosi, tarehe 29 Juni. Nimenunua na koti, pana kama hema. Nikilivaa hata mume wangu ananitafuta humo ndani.

Umeuliza teke. Anapiga chini, mama, chini kabisa, kwenye kibofu. Nikiwa kwenye foleni ya basi naruka kama niliyekanyaga msumari. Na huku juu, chini ya mbavu za kulia, ana kitu kigumu cha mviringo kama chungwa kubwa. Mume wangu hukisukuma kwa vidole viwili kikaenda, kikarudi, tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Nadhani ni goti. Ana goti kubwa kama la babu yake.

Tafadhali andaa chumba. Na ununue miwani.

Mwanao,
Kiherehere


3 Juni

Wewe,

Barua hii sitaki uisome kwa mume wako kwa kucheka. Isome peke yako.

Huo uzi ni wa pamba, nimeusokota mwenyewe. Fundo likikazwa pale na kulowa jasho, hata ukilifungua, linaacha kovu. Nimeupitisha uzi wako dirishani penye mwanga. Fundo lako ni la miezi sita, kweli. Lakini vidole vinne mbele yake kuna kovu. Ulipima, ukafunga penye ukweli, ukaona umezidi, ukafungua, ukafunga karibu. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeifupisha kwa vidole vinne. Kovu hilo ni la miezi saba na nusu, na hiyo ilikuwa siku ulipolifunga. Siku ya kupanda ndege utakuwa na minane na nusu.

Umemdanganya karani wa ndege, sawa, hajui kitu. Mimi nimepokea watoto wa mitaa mitatu. Ulitaka kunipumbaza mimi?

La pili ni kubwa zaidi. Hilo si goti. Goti halichezi kwa vidole viwili likaenda na kurudi. Hicho ni kichwa. Mtoto wako ameketi, kichwa juu, makalio chini, na ndiyo maana miguu inakupiga kibofuni. Bado ana nafasi ya kugeuka, lakini kila wiki chumba chake kinakuwa kidogo. Asipogeuka, huyo ni mtoto wa kupokelewa na watu wanaojua wanachofanya, na vyombo, na taa. Si kitini, kwenye koti, saa kumi na moja juu ya maji.

Usipande. Nenda hospitali ukawaambie. Najua ni ileile. Nenda.

Nijibu upesi.

Mama

(Wifi, nimeandika kama alivyosema neno kwa neno, na palipo na doa ni pale alipogonga meza. Tafadhali msikilize.)


17 Juni

Mama,

Shikamoo. Ni kweli. Nilifunga, nikafungua, nikafunga. Nilijua ukijua miezi hutaniruhusu, na wenye ndege wakijua hawatanipandisha. Sina la kujitetea hapo, umenikamata.

Kichwa bado kiko palepale. Najua sasa kuwa ni kichwa. Hatuchezi nacho tena.

Lakini naja. Nisikilize na wewe safari hii. Unasema niende kwa wanaojua wanachofanya. Wale ndio waliniacha kwenye kitanda cha korido, wakapita na kupita, na kila aliyepita akaniambia “bado”, mpaka mmoja aliponiwekea kipimo tumboni akanyamaza. Hakuna aliyenishika mkono. Nesi alinipa kalamu. Mama, nikipita nje ya lile jengo nikiwa ndani ya basi nafumba macho, na basi hupita hapo kila siku asubuhi na jioni.

Na wewe umepokea wangapi waliokaa hivi? Nilishika taa mwenyewe usiku wa pacha wa fundi cherehani, wa pili akiwa ametanguliza makalio. Ulimwambia mama yake, “Tulia, huyu ana adabu, anaketi kwanza ndipo asalimie.” Ukangoja, ukangoja, kisha mikono yako ikafanya jambo dogo, nisiloweza hata kulieleza, na mtoto akatoka analia. Siku ile niliamua nikizaa nitazaa mikononi mwako. Nilikosea mara moja kwa kuzaa kwingine.

Naogopa, mama. Naogopa hiyo buluu yako, sikufichi. Lakini lile jengo naliogopa zaidi.

Tangu Mei sijaona neno “njoo”. Kama hunitaki, sema hunitaki. Wifi ana mwandiko mzuri, atakuandikia. Vinginevyo nisubiri Jumapili tarehe 30. Sitaandika tena, nitabisha hodi.

Kiherehere


26 Juni, Jumatano

Mwanangu,

Leo anayeandika ni mimi. Tazama mwandiko.

Karatasi hii ni ya nne. Tatu nimezichana. Mistari inapanda na kushuka, nisamehe. Wifi yako nimemtoa nje.

Miwani haikuvunjika. Iko puani.

Mikono yangu inatetemeka. Ilianza mvua za mwaka jana, kidole kimoja, nikadhani baridi. Sasa ni yote miwili, mchana na usiku. Chai wananitilia nusu ili isimwagike. Kwenye tufe ni karani aliyeshika uzi, mimi sikuweza kuulaza. Mkoba wangu wa kazi nimempa mwanafunzi wangu. Ni mwema, lakini wa makalio hajawahi kumpokea hata mmoja.

Mtoto wa namna hiyo anataka mikono iliyotulia. Unangoja, kisha unashusha mkono wake kwa kidole kimoja, kisha uso. Ukitikisika unamvunja. Mikono unayoifuata haiko hapa tena. Uliyoiona usiku wa fundi cherehani ilikuwa yangu, na imekwisha.

Sikutaka ujue. Niliona haya. Nilifikiri nitakuzuia kwa kilometa na saa ili nisilazimike kusema hili. Sikuandika “njoo” kwa sababu ningeiandika ungekuja. Hakuna kitu ninachokitaka duniani kuliko kumpokea huyo mtoto.

Na yule wa kwanza. Uliniandikia kwamba alikuwa kimya siku mbili kabla hujaenda kulazwa. Mwanangu, angekuwa mikononi mwangu, ile mizima, nisingemrudisha. Nilijua siku ileile. Nikakuachia hasira yako kwa sababu ilikuwa inakusimamisha. Ubaya wao ni kukuacha peke yako koridoni, na ubaya huo ni mkubwa. Lakini mtoto hawakumuua wao.

Simu ya maandishi ya posta ingefika leo. Lakini ina herufi za mashine, zimenyooka. Ungesema mama anatisha tu. Nimetaka uone.

Barua yako imefika leo, ya kwangu posta haitawahi. Ndege inaondoka kesho adhuhuri. Karani wa kucha nyekundu amesema mhudumu ataibeba, na huko wataambatanisha na tiketi yako. Naipeleka mwenyewe kiwanjani.

Nenda ukaseme: wa pili, makalio mbele, wa kwanza alipotea. Sema kwa sauti. Usikubali “bado”.

Usipande.

Mama


29 Juni, kiwanja cha ndege

Mama,

Nilisema sitaandika tena, na hapa naandika. Nimekaa kwenye ukumbi wa abiria na karatasi juu ya mkoba. Barua hii nitaitumbukiza kwenye sanduku la posta la mlangoni, na mimi nitakuwa nimekufikia kabla yake, tutaisoma pamoja tucheke.

Koti limefanya kazi. Karani alinitazama usoni, akatazama pasi ya kusafiria, hakutazama tumbo. Kidogo nianguke kwa jinsi nilivyokuwa nimebana pumzi. Kisha akasema, “Kuna barua yako hapa,” akatoa bahasha iliyobanwa kwenye orodha. Mwandiko wa juu ni wa wifi.

Iko hapa mapajani. Sijaifungua. Najua yaliyomo: usipande, kovu, uzi, buluu. Nikiifungua sasa tutaanza kugombana tena, na mimi leo nguvu za kugombana sina. Nitaisoma huko juu, ambako hata ukinikaripia siwezi kushuka.

Mume wangu amesimama nyuma ya kioo. Hawaruhusu wasindikizaji kuvuka. Anatabasamu, lakini anavunja vidole. Nimempungia mkono mara nyingi mpaka mlinzi ametuona vichekesho.

Mgongo unaniuma tangu saa tisa. Unakuja, unaondoka. Ni yale mashuka, juzi nilimaliza lundo zima ili niage vizuri. Nikifika utanikanda.

Mama, nimekukasirikia mwezi mzima, na sasa nikiona ile ndege pale nje ikiwa na taa, hasira yote imeyeyuka, imebaki hamu tu. Nataka kukuona ukijifunga kanga kiunoni, useme, “Haya, tumeanza.”

Wametangaza. Watu wanasimama. Mgongo tena.

Naja.

Kiherehere


30 Juni

Wifi,

Mama hajui kama nakuandikia. Sijui hata nakuandikia wapi. Kama uko njiani barua hii haitakukuta, kama uko kwako itakukuta, na kama uko mahali pengine Mungu ndiye ajuaye.

Tulikuwa kiwanjani tangu alfajiri. Mama alishika uzio kwa mikono miwili mpaka waya wote ukawa unalia. Ndege imetua saa mbili na kitu. Tukahesabu abiria wanavyoshuka: mwenye kofia, mwenye mtoto, masista wawili. Mama akasema, “Mjamzito hushuka mwisho, wanampisha.” Wakashuka wa mwisho. Wakashuka na wahudumu. Wakafunga mlango.

Karani anasema kiti chako kilikuwa kitupu na mzigo wako haupo. Lakini hakujua kama ni tangu huko ulikopandia au ni pale katikati pa kungojea. Kaka yako ameenda kuuliza tena. Mama amekaa kwenye benchi, hataki kurudi nyumbani. Ameniuliza mara moja tu, kwa sauti ndogo: “Unadhani aliisoma?”

Nimempa chai, nusu kikombe, na yote imemwagika.

Tuletee habari, yoyote ile.

Wifi yako


4 Julai

Mama,

Shikamoo.

Najua simu ya maandishi ya mume wangu ilishawafikia Jumatatu. Lakini simu ile ilikuwa na maneno matano, na mimi nina zaidi.

Nilitembea na wengine mpaka chini ya ngazi. Upepo mkali, koti linapepea, nimelishika kwa mkono mmoja na bahasha yako kwa mkono wa pili. Juu ya ngazi alikuwa mhudumu anakaribisha watu. Nilipofika alitazama bahasha akasema, “Ah, ni wewe? Mama yako aliniletea mwenyewe. Masikini, ilimwanguka mara mbili kabla sijaipokea. Mikono ilikuwa inamtetemeka, nikadhani analia, kumbe hata machozi hana.”

Nikasema, “Mama yangu?” Kwa sababu mikono ya mama yangu haiangushi kitu. Nilidhani amemtaja mtu mwingine.

Nikaifungua palepale, ngazi ya tatu, watu nyuma yangu wanalalamika. Sikusoma, mama. Niliona tu. Ule mwandiko uliokuwa unaandika jina langu kwenye madaftari ya shule kama umechapwa, sasa herufi zimelegea, moja iko juu, moja imeanguka. Nilielewa kabla ya kufika neno la pili. Nikageuka. Mhudumu akaniuliza nimesahau nini, nikamwambia nimesahau kwenda hospitali. Na hapohapo ule mgongo ukaja tena, safari hii ukazunguka mpaka mbele, nikajua kwamba tangu saa tisa haukuwa mgongo.

Mume wangu alikuwa bado nyuma ya kioo. Aliponiona narudi alilia kabla sijamwambia lolote. Teksi, lile jengo, milango ileile. Nilisema kama ulivyoniagiza, kwa sauti, korido nzima ikasikia: “Mimi ni wa pili, makalio mbele, na wa kwanza alipotea humu humu!” Nesi mmoja akaanza, “Bado,” nikamwambia, “Bado hiyo nimekatazwa na mkunga wangu.” Akaja daktari, mwanamke, mfupi, mkali. Akanigusa chini ya mbavu kwa vidole viwili, akaniuliza nani aliyegundua. Nikasema ni mama, akiwa kilometa elfu kumi na moja na mia nne, kwa kusoma barua. Akaguna kama wewe unavyoguna. Akasema kamba ya kitovu imetangulia kidogo, hakuna kungoja, wanapasua.

Amezaliwa saa nane usiku. Msichana. Kwanza alinyamaza, nikahesabu moyoni na nikakuita, kisha akalia. Mama, alilia! Alilia mpaka nikaomba asinyamazishwe.

Nikiwa nimelala pale nilipiga hesabu, ile niliyoshindwa kuipiga Mei. Saa nane usiku ndege ilikuwa saa ya sita angani. Katikati ya buluu yako.

Kuhusu yule wa kwanza, ulichoniandikia nimekisoma na sijakimaliza. Nimekilia. Labda nilikuwa nakijua. Daktari huyu mfupi nilimweleza, naye akaketi kitandani akasema vilevile kama wewe, na kisha akaomba radhi kwa ile korido, ingawa hakuwa yeye. Sasa basi likipita hapa sitafumba macho, nadhani.

Na sasa nisikilize, kwa sababu zamu hii neno naliandika mimi: njoo. Njoo, njoo, njoo. Tatu, moja kwa kila barua yako iliyoninyima neno hilo. Tiketi yangu niliyoiacha, mume wangu amezungumza nao na wamekubali ije kwa jina lako. Najua unaogopa ndege, hata kuku akiruka uani wewe huinama. Njoo hivyohivyo. Ukija upande huu saa itakudanganya kwa namna nyingine: utaondoka adhuhuri, utafika adhuhuri, itakuambia umesafiri siku nzima. Usiiamini. Ni kumi na nane tu.

Nakutumia kipande cha uzi wako nilichobaki nacho. Nimefunga fundo moja, na sikulifungua. Ni urefu wa mjukuu wako, utosi mpaka kisigino.

Usinijibu habari za mikono. Kupokewa ameshapokewa. Kazi iliyobaki hapa ni ya kumtikisa mpaka alale, na sisi wawili mikono yetu imechoka, mume wangu anasinzia amesimama. Nimesikia huko kuna mtu ambaye mikono yake haisimami mchana wala usiku. Mtu kama huyo ndiye tunayemtafuta.

Mwanao, na sasa mama wa mtu,
Kiherehere


20 Julai, hewani

Mwanangu,

Barua hii naileta mwenyewe, kwa hiyo stempu hakuna. Naandika kwa kuwa dirisha naliogopa na kalamu inanipa pa kutazama.

Ni saa ya tisa tangu tuondoke katikati pale. Nimechungulia mara moja. Ni buluu kweli, karani hakunidanganya. Nimekuwaza humo nikafunika macho kwa kanga, kisha nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka mhudumu akaniletea maji. Ni yuleyule. Amenitilia nusu kikombe bila kuambiwa.

Uzi nimeufunga kwenye kifundo cha mkono. Fundo nimelipitisha kwenye mwanga. Safari hii hakuna kovu.

Usimfunike sana mtoto. Maziwa yakikaza, kanda kwa kitambaa cha moto. Mengine nitasema nikifika, maana najua hutanisubiri nimalize.

Jirani yangu wa kiti ni bwana mmoja mwenye suti, mpole. Amekuwa akiitazama mikono yangu tangu tuliporuka, na mwisho akanigusa bega akasema, “Usiogope, mama, ndege ni salama, usitetemeke.”

Nimemwambia, “Baba, sitetemeki. Nina mjukuu, najizoeza kubembeleza.”

Mama